Sultan Khan wa Punjab, Bingwa Aliyeshinda Mwishoni



Jioni za Ramadhan, baada ya swala ya alasiri, utawakuta vijana wamekaa kwenye kivuli cha ukuta, Kitui mjini au kule Kibwezi, wakingoja adhana ya magharibi. Katikati yao pana kipande cha ubao kilichochorwa miraba, na juu yake vifuniko vya soda. Vya huyu vimelala kifudifudi, vya yule vimelala chali. Hiyo ni drafti. Miaka ya karibuni chesi nayo imeingia, maana shuleni inachezwa na kwenye simu inapatikana bure. Basi siku moja wakati wa kungoja futari nikamtaja Sultan Khan, na kijana mmoja akadhani namzungumzia yule sultani ambaye mji wetu wa Sultan Hamud ulipewa jina lake.

La hasha. Yule wa mji ni Hamoud bin Mohammed, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1896 hadi 1902, wakati reli ya kutoka Mombasa ilipokuwa inakatiza Ukambani. Huyu wetu hakutawala hata kijiji. Sultan lilikuwa jina lake tu, alilopewa na wazazi, kama vile sisi tunavyomwita mtoto Amiri na asiwe amiri wa jeshi lolote.

Lakini kuna uzi unaowaunganisha. Reli ile ilijengwa na maelfu ya watu walioletwa kutoka Bara Hindi, na wengi wao walitoka Punjab, Waislamu na Masingasinga. Hekalu la Masingasinga pale Makindu, ambalo kila dereva wa barabara ya Mombasa analijua kwa chakula chake cha bure, ni alama ya watu hao. Punjab hiyohiyo ndiyo iliyomlea Mir Sultan Khan. Alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1900 katika kijiji cha Mitha Tiwana, upande ambao leo ni Pakistan lakini wakati huo ulikuwa India ya Mwingereza.

Mchezo alifundishwa na babake, akiwa na umri wa miaka tisa hivi. Hapa inabidi nieleze kidogo, kwa sababu bila jambo hili maisha yake hayaeleweki. Chesi aliyofundishwa haikuwa hii ya kwenye simu. Ilikuwa sataranji ya Kihindi, ya wazee, yenye kanuni zake. Askari wale wadogo wa mstari wa mbele, ambao katika chesi ya Kizungu wanaweza kuruka hatua mbili wanapotoka, katika ile ya Kihindi walikwenda hatua moja moja tu. Mchezo ukawa wa taratibu. Majeshi yanachukua muda mrefu kukutana, na asiye na subira anajiua mwenyewe.

Na tusiione sataranji kama kitu cha Kizungu. Ilitoka India, ikapita Uajemi, ikafika kwa Waarabu, na Waislamu ndio walioandika vitabu vyake vya mwanzo tunavyovijua. Pale Baghdad, kwenye kasri la makhalifa wa Bani Abbas, alikuwepo as-Suli, aliyefariki Basra karibu na mwaka 946. Alitunga fumbo la mwisho wa mchezo, vipande vichache tu juu ya ubao, ambalo watu walishindwa kulifumbua kwa zaidi ya miaka elfu, hadi Mrusi Yuri Averbakh alipopata jibu katika miaka ya 1980. Hata lile neno la Kiingereza la kumaliza mchezo asili yake ni shah mat. Na kipande kile Wazungu wanachokiita askofu, Waarabu hadi leo wanakiita fil, yaani ndovu. Ndovu kageuzwa askofu njiani!

Ndugu msomaji atauliza, na hukumu yake ni ipi? Wanavyuoni wamehitilafiana. Wengi wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa, wameuita makruhu, kwa sharti kuwa hakuna kamari na swala haipitwi na wakati wake. Madhehebu mengine yamekaza zaidi. Mwenye shaka amuulize sheikh wake. Mimi leo nasimulia maisha ya mtu.

Basi huyu kijana alipofika umri wa miaka 21 hivi, Punjab nzima hakuna aliyemuweza. Sifa zake zikamfikia Sir Umar Hayat Khan, wa ukoo wa Tiwana, tajiri wa mashamba, mkubwa katika jeshi la Mwingereza na mpenzi mkubwa wa mchezo huu. Akamchukua nyumbani kwake, akampa posho, na akamwekea watu wa kumfundisha kanuni za Ulaya. Mwaka 1928 akashinda ubingwa wa India yote: michezo tisa, ameshinda minane na sare mmoja.

Mwaka uliofuata Sir Umar akawa na kazi London, katika baraza la kumshauri waziri wa Uingereza anayehusika na India, na akamchukua Sultan Khan pamoja naye. Walifika mwezi wa Aprili 1929. Wakamwandalia mashindano madogo ya kumpima, na hapo mambo yakawa mabaya. Alishika mkia pamoja na mwingine. Wachezaji wawili wa Kiingereza, Yates na Winter, waliokuwa wamemtangulia, wakaona kipaji na wakaona shimo. Shimo lilikuwa ufunguzi. Wachezaji wa Ulaya walikuwa wamekariri vitabu vizima vya namna ya kuanza mchezo, hatua kumi au kumi na tano za kwanza, na yeye vitabu hivyo hakuwa amevisoma. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, na kanuni zenyewe bado zilikuwa ngeni mkononi mwake. Wawili wale wakakaa naye wakamfundisha wiki kadhaa.

Kiangazi kilekile, mjini Ramsgate, akashinda ubingwa wa Uingereza. Miezi michache tu tangu ashuke melini! Sote tunajua mgeni anavyohangaika mwaka wa kwanza hata kupanda basi.

Baada ya hapo alirudi India kwa muda, na Mei 1930 akawa Ulaya tena, akakaa mpaka mwisho wa 1933. Miaka hiyo, na ile ya 1929, ndiyo maisha yake yote ya chesi ya kimataifa. Haitimii hata mitano. Kule Liège, Ubelgiji, akawa wa pili nyuma ya Tartakower. Mwaka 1931 akamshinda Tartakower huyohuyo katika pambano la michezo 12, kwa tofauti ya pointi moja. Alikaa ubao wa kwanza wa timu ya Uingereza katika Olimpiadi tatu, za Hamburg 1930, Prague 1931 na Folkestone 1933. Kule Prague alimshinda Flohr, akamshinda Rubinstein, na akatoka sare na Alekhine, ambaye ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia. Ubingwa wa Uingereza akauchukua tena 1932 na 1933.

Na tusimsahau Miss Fatima, msichana wa nyumba hiyohiyo ya Sir Umar. Mwaka 1933 alishinda ubingwa wa wanawake wa Uingereza, michezo 11, ameshinda kumi na sare mmoja, akimwacha wa pili kwa pointi tatu. Dada zetu wanaoambiwa mchezo huu ni wa wanaume, wamtaje huyo.

Sasa tuje kwenye lile linalowafanya wapenzi wa chesi wabishane juu yake mpaka leo. Nalo ni mwisho wa mchezo.

Wasiocheza chesi wafikirie drafti. Mwanzoni ubao umejaa, kete zinazuiana, na aliyekariri mitego anaweza kukumaliza kabla hujakaa vizuri. Lakini kete zikishapungua, zikabaki tatu kwa nne, kukariri hakusaidii tena. Kila mmoja anatazama ubao na akili yake. Chesi ni hivyohivyo, na ina jambo la ziada: mfalme, ambaye mchezo mzima alikuwa amefichwa kwenye kona kama bibi harusi, anatoka nje kufanya kazi. Anatembea hatua moja moja, anawasindikiza askari wake wadogo, kwa sababu askari akifika upande wa pili anageuka malkia.

Hapo ndipo Sultan Khan alipokuwa nyumbani. Mchezo baada ya mchezo ulikwenda vilevile. Anaanza vibaya, anapewa nafasi finyu, watazamaji wanadhani kazi imekwisha. Yeye anavumilia. Anabadilishana vipande kimoja kimoja, hana haraka, na saa ya nne au ya tano, wakati mwenzake amechoka na anatamani kwenda kulala, ubao umegeuka. Kwa maoni yangu ile sataranji ya kijijini, ya askari wanaokwenda hatua moja, ndiyo iliyomjenga. Waliomcheka kwa kutojua ufunguzi hawakujua kwamba alikuwa amekaa utoto wake wote akijifunza kungoja.

Mchezo wake mashuhuri kuliko yote ni ule wa Hastings, katika mashindano ya kufunga mwaka 1930 na kufungua 1931. Kwa hesabu yetu ni mwezi wa Shaaban 1349. Mbele yake amekaa Capablanca, Mkuba, bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927, mtu aliyewahi kukaa miaka minane bila kupoteza hata mchezo mmoja, kutoka 1916 hadi 1924. Na katika dunia nzima, kama kulikuwa na mtu mmoja aliyesifiwa kwa kumaliza mchezo, ni huyo Capablanca. Sultan Khan alikuwa na vipande vyeupe.

Capablanca akaingiza ngome zake mbili kwa ukali mpaka karibu na mfalme mweupe. Hatua ya 23, Sultan Khan akamtoa malkia wake, na badala yake akachukua ngome zote mbili. Ubao ukabaki hivi: Capablanca ana malkia, farasi mmoja na ndovu mmoja; Sultan Khan ana ngome mbili na ndovu wawili. Ukiangalia haraka utasema mwenye malkia ndiye mwenye nguvu, maana malkia anaruka kila upande. Lakini Sultan Khan alikuwa ameufunga ubao. Malkia yule mweusi akawa anazunguka pembeni, anapanda mraba mmoja, anarudi, anapanda tena, anarudi. Hana mlango wa kuingilia.

Kisha mfalme mweupe akaanza safari. Hatua ya 36 akatoka katikati, akasogea pembeni polepole mpaka ukingoni mwa ubao, akarudi, akaenda kona kabisa, akarudi tena. Mtu asiyejua ataona mchezo umelala. Yeye alikuwa anajaribu kila mpango wa majeshi yake, huku akijua mwenzake hana la kufanya isipokuwa kusubiri. Alipopata mpangilio alioutaka akafungua mlango mmoja, upande ambao malkia hayupo, na ngome zikaingia. Hatua ya 65 Capablanca akakubali ameshindwa. Askari mmoja mdogo wa Sultan Khan alikuwa amebakiza miraba miwili tu afike mwisho. Katika mashindano hayo Sultan Khan alikuwa wa tatu, nyuma ya Euwe na Capablanca mwenyewe. Baadaye Capablanca aliandika habari zake, akakiri kwamba mtu kufika pale katika hali ile ni kipaji kisicho cha kawaida.

Na hali yenyewe haikuwa nzuri. Baridi ya Uingereza ilimtesa. Mafua, koo kuvimba, mara nyingine alikuja kucheza shingo imezungushiwa vitambaa. Juu yake malaria ilikuwa ikimrudia. Wasomaji wetu wa Mtito Andei na Kibwezi wanaijua homa hiyo vizuri. Fikiria unatetemeka nayo, halafu mbele yako pana ubao na saa inahesabu.

Kuna jambo linaloniudhi katika namna maisha yake yanavyosimuliwa. Vitabu na magazeti ya Ulaya yamerudia miaka mingi kwamba alikuwa mtumishi, hata wengine wakaandika mtumwa. Habari inayopendwa zaidi ni ya 1933, timu ya Marekani ilipoalikwa nyumbani kwa Sir Umar jijini London. Mmoja wao, Reuben Fine, aliandika baadaye kwamba walishangaa kuona bingwa waliyetoka kushindana naye ndiye anayewaandalia meza. Familia ya Sultan Khan imeikataa picha hiyo kwa maandishi. Mjukuu wake ameeleza kwamba walikuwa watu wa ukoo wa mapir, wenye ardhi yao, na kwamba babu yake hakuwa mtumishi wa mtu.

Sasa sisi tujiulize kwa desturi zetu. Futari inapokuja wageni, nani hushika birika na beseni kuwanawisha watu mikono? Nani huzungusha tende na uji? Si kijana wa nyumbani? Hata akiwa amesoma chuo kikuu, wageni wa mzee wakikaa chini, yeye husimama. Mzungu akiingia ghafla ataandika kwamba amemkuta mtumishi. Sisemi kwamba Sir Umar na Sultan Khan walikuwa sawasawa. Mkubwa ndiye aliyeamua lini waende Ulaya na lini warudi, na hilo ni jambo zito katika maisha ya mtu. Lakini hadithi ya mtumwa masikini asiyejua kusoma ilipendwa kwa sababu inasisimua, na waliomjua wakiwa wadogo nyumbani kwake hawakuulizwa mpaka miaka mingi ikapita.

Desemba 1933 Sir Umar akarudi India, na Sultan Khan akarudi naye. Alikuwa na miaka kama thelathini, bingwa wa Uingereza. Mwaka 1935 alicheza na Khadilkar, michezo kumi, akashinda tisa na kutoka sare mmoja. Baada ya hapo ulimwengu wa chesi haukumuona tena. Sir Umar alifariki 1944, Pakistan ikazaliwa 1947, na yeye alikuwa shambani kwake upande wa Sargodha, nchi ya mifereji na machungwa, analima na kulea watoto. Alijaliwa watoto 11.

Mwaka 1950 shirikisho la chesi la dunia lilipoanza kutoa cheo cha grandmasta, liliwatunuku watu 27 kwa mara moja. Rubinstein alikuwemo, ingawa alikuwa ameshaacha mashindano kwa miaka mingi. Tartakower naye alikuwemo. Wote wawili Sultan Khan aliwahi kuwashinda. Jina lake halikuwemo.

Watoto wake walimuomba awafundishe mchezo ule. Akawakatalia. Mwanawe mkubwa amesimulia kwamba aliwaambia watafute jambo la manufaa zaidi la kufanya na maisha yao. Wapenzi wa chesi wakilisikia hili huhuzunika, wanasema moyo ulimvunjika. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Mtu aliyejua kusoma ubao vile, labda aliyasoma na maisha, akaona mchezo wake ule umekwisha na kuna mwingine wa kucheza, wa shamba na nyumba ya watu 13. Lakini nakiri, nikifikiria mikono ile ikishika jembe miaka thelathini bila kugusa ngome wala farasi kwenye mashindano, hata mimi roho inaniuma kidogo.

Alifariki Sargodha tarehe 25 Aprili 1966, kwa ugonjwa wa kifua kikuu. Allah amrehemu. Mwanzoni mwa 2024, miaka 58 karibu itimie tangu azikwe, rais wa shirikisho lile la dunia alikwenda Islamabad akamkabidhi waziri mkuu wa Pakistan cheo cha heshima cha grandmasta kwa jina la Sultan Khan. Hakuna Mpakistani aliyewahi kukipata kabla yake.

Wenye ubao, ule mchezo wa Hastings unapatikana kwa urahisi kwenye simu, hatua zote 65. Upangeni baada ya tarawehe, mmoja awe Capablanca. Mkifika hatua ya 36, mfalme mweupe anapotaka kuanza kutembea, funikeni simu. Kila mtu aseme yeye angesogeza nini.